Tangi Lilipomwogesha Mkwe

Jamani, leo sina pa kuuficha huu uso.

Pampu ya maji ya mtaa wetu, huku Nyarubungo, iko uani kwangu. Mwangalizi ni mimi. Ukutani kuna kiboksi, tangi likijaa kinaizima pampu chenyewe. Fundi aliniambia, "Bibi, humo tangini kuna maboya mawili, ndiyo yanayokiambia kiboksi maji yamejaa. Moja likifa, la pili linashika kazi. Kiboksi kitalia, wewe nipigie simu tu."

Sasa leo walikuwa wanakuja wazazi wa kijana anayemtaka mjukuu wangu Adela. Kuja kutuona tukoje. Toka asubuhi sikai! Nafagia, nachungulia njia, nafagia tena palepale.

Mara kiboksi, wiii! wiii! Jirani zangu Wasukuma wakadhani ni mwano, ile kelele ya kuitana mwizi akiingia. Hao, mbio, na fimbo!

"Shikamoo bibi! Kakimbilia wapi?"

"Marahaba. Hakuna mwizi, ni kiboksi kinajililia."

Wakaondoka wananuna. Nikafungua bomba. Maji yapo! Fundi wa nini sasa? Na wakwe wakikuta fimbo uani, si watasema kwangu kuna wezi? Nikachukua soksi ya marehemu mzee (anisamehe huko aliko), nikakiziba kiboksi mdomo. Kimya.

Wakwe wakafika. Nikawaketisha chini ya tangi, ndiko kwenye kivuli. Mama wa kijana kapiga kilemba kipya, kirefuu!

"Mama, hii pampu haikusumbui?"

"Inisumbue? Ina akili mbili! Moja ikilala, nyingine iko macho!"

(Zote zilikuwa zimelala.)

Pwaaa! Tangi limefurika, maji yote kwa mama wa watu. Kilemba kikashuka mpaka puani. Adela akapiga yowe. Wasukuma haooo tena, na fimbo!

"Ni huyu?" wanamnyooshea fimbo baba mkwe.

"Mwacheni, ni mgeni! Zimeni pampu!"

Mmoja akang'oa waya. Nikampigia fundi.

"Basi boya la pili nalo litakuwa limekwama, bibi. Kwani kiboksi hakikulia?"

"Kililia, mwanangu. Nikakinyamazisha."

Mama wa kijana nikampa gauni langu la kanisani. Kavaa, anakamua kilemba. Mie roho juu, nazunguka tu, posa ndiyo imekwenda na maji! Wakati wa kuaga akanishika mkono, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Mama, gauni nitalileta siku ya posa."

Aje tu, mama wa watu. Ila fundi atangulie.