Gereji Isiyopitisha Upepo

Jumamosi, 27 Desemba

Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Nimeingia gereji asubuhi kuwasha gari, nikakanyaga theluji. Ndani! Theluji ndani ya gereji yangu, imejipanga chini ya mlango kama sukari iliyomwagika. Nimepiga magoti kuchungulia. Ule mpira wa chini ya mlango, wa kuziba upepo, umekwisha habari yake. Umepasukapasuka, umekakamaa, na pale katikati haupo kabisa. Nimepenyeza kidole hadi nje. Kidole kimerudi cheupe.

Kibaya zaidi: mavi ya panya. Kando ya masanduku!

Masanduku yenyewe ni ya pirogi za Mama Mkwe. Kazikunja Novemba nzima, moja moja, unga mwembamba na ndani viazi na kabichi chachu, kwa ajili ya Mlo Mtakatifu wa mkesha wa Krismasi yetu, tarehe sita Januari. (Kanisa letu halijahama kalenda ya zamani na halina mpango huo.) Friza ya ndani imejaa nyama ya kulungu niliyempata mwenyewe, ingawa jirani yangu Garth huwaambia watu kwamba kulungu ndiye aliyenipata mimi, nikiwa ndani ya gari. Kwa hiyo pirogi ziko gereji, kama za kila mtu hapa mjini Dauphin. Baridi inazitunza bure.

Mama Mkwe Nastia ana miaka themanini na moja na vidole vimeanza kumkatalia. Mwaka huu alitamka wazi, mikono ikiwa ndani ya bakuli la maji ya moto, kwamba hizi ndizo za mwisho. Mwakani tutanunua za dukani. Olesia, mke wangu, aliingia stoo akalia. Mimi nilibeba masanduku na kuapa kuyalinda.

Na sasa panya! Olesia anasema nimwite fundi. Fundi, kwa kipande cha mpira!

Jumapili, 28 Desemba

Mlango wa gereji ya Garth ulikuwa wazi tulipokuwa tunatoka kwenda kanisani. Garth Sigurdson alikuwa amesimama ndani anakunywa kahawa. Kavaa fulana. Ya mikono mifupi! Sikuamini macho yangu. Kaja hadi kwenye uzio, kanieleza kwa upole unaoudhi kwamba yeye alibadilisha mpira wake Septemba, wakati bado unakunjika, na kwamba nikihitaji zana au msaada niseme tu.

Nimemwambia sihitaji. Nimemwambia nina mbinu yangu.

Sikuwa na mbinu. Imenijia katikati ya mahubiri, nikapiga paja kwa nguvu hadi padri akanyamaza. Maji! Nani alikuwa akimwagia maji uwanja wa hoki ya barafu wa mtaa huu watoto wetu walipokuwa wadogo? Mimi. Nani katika mji mzima anaijua barafu kunizidi? Hakuna. Nitamwaga maji kidogo kidogo kufuata mstari wa mlango, yagande, yazibe kila upenyo. Gharama yake sifuri. Garth na mpira wake wa Septemba!

Jumatatu, 29 Desemba

Imeziba! Nimelala chini na tochi. Hakuna hata uzi wa mwanga unaopita. Nimejipongeza kwa kipande cha keki ya mbegu za mpopi.

Baadaye, siku hiyohiyo. Jamani.

Mama Mkwe alikuwa na miadi kwa daktari wa mikono. Kaketi ndani ya gari, kafunga mkanda, mkoba mapajani. Nimebonyeza kitufe. Mota imenguruma, mlango umetulia tuli. Nimebonyeza tena. Ukatokea mlio ambao sijawahi kuusikia maishani, kama mtu anararua bati. Mlango ukaruka juu kidogo, ukapinda, ukakwama. Mpira wangu wote, au tuseme masalia yake, ulibaki chini umeshikwa na barafu. Mama Mkwe alifanya ishara ya msalaba.

Garth ndiye aliyempeleka. Mama Mkwe aliporudi, kitu pekee alichosema ni kwamba viti vya gari la Garth vina joto.

Nimeshinda nikivunja barafu kwa shoka.

Jumatano, 31 Desemba

Nimenyoosha mlango, kisha nimenunua mpira. Basi, nimesalimu amri, lakini kwa masharti yangu: nitafunga mwenyewe. Imeandikwa kwenye karatasi yake kwamba uchomekwe kwenye reli ya chini ya mlango huku ukiwa laini, na kwamba kwenye baridi upashwe joto kwanza ndani ya nyumba. Nimedharau. Nimeuchomeka hivyo hivyo, gerejini, ukiwa mgumu kama fimbo. Ulikwenda shubiri moja, ukafyatuka, ukanichapa mdomoni. Mdomo umevimba. Olesia ameuliza kama Garth ndiye aliyenipiga, na sikupenda jinsi alivyouliza, kwa matumaini.

Nikajaza maji ya moto kwenye beseni la kuogea, nikautumbukiza humo ulainike, nikaenda kutafuta sabuni ya vyombo ya kuutelezesha. Sikumwambia mtu. Mama Mkwe akaingia kuoga.

Sijawahi kusikia ukelele wa namna ile. Mama Mkwe alikulia karibu na mashimo ya nyoka kule Narcisse, wanakotoka maelfu kila masika, na alichokiona yeye ni mmoja, mweusi, mrefu kuliko chumba, kajikunja kwenye maji. Nilipofika alikuwa amesimama juu ya choo na brashi mkononi, nami nikapiga ukelele wangu maana brashi iliniangukia mimi.

Mwaka unaisha. Nimepigwa mara mbili kwa siku moja.

Ijumaa, 2 Januari

USHINDI! Mpira uliolainika uliteleza na sabuni kama samaki. Sasa mlango ukishuka unakaa juu ya sakafu kimya kabisa. Lakini mimi si mtu wa kuishia chini. Nimeziba ubavuni, kulia na kushoto. Nimeziba juu. Penye mashaka nimeziba mara mbili. Panya mmoja nimemkuta ndani, anatafuta pa kutokea, nikamtoa kwa mlango wa jikoni kwa heshima zote.

Kisha nikakumbuka hita ya marehemu baba yangu. Nimeiwasha. Ukuta wa barafu uliokuwa dirishani unatiririka! Gereji ina joto! Nimevua koti. Nimevua sweta. Olesia kapiga kelele kutoka jikoni, anaona nafunga mlango wa ndani kila saa, akauliza nafanya nini huko. Nimemwambia ni jambo la kushangaza watu, asubiri.

Jumapili, 4 Januari

Nimemwalika Garth kunywa kahawa. Gerejini. Nimempokea nikiwa na fulana. Ya mikono mifupi! Ningependa mchoraji awepo achore sura yake alipoingia na buti zake na kofia ya manyoya, akaanza kufungua vifungo kimoja kimoja. Nilimwonyesha kila upande. Nilimtaka apitishe kiganja chini ya mlango atafute upepo. Alipitisha. Hakuna. Alikiri kwamba nimemzidi. Alikiri kwa mdomo wake!

Kisha akanusa. Akanusa tena, akageuza kichwa kuelekea pembeni, kwenye ukuta.

“Metro,” aliniita taratibu, “mbona yale masanduku yanadondosha maji?”

Sitaki kuandika zaidi. Naandika tu kwamba nilifungua sanduku la kwanza na ndani hamkuwa na pirogi. Mlikuwa na pirogi moja, ya ukubwa wa sanduku, ya kijivu, imechacha. La pili vilevile. Yote vilevile. Siku mbili za joto. Novemba nzima ya yule mama. Nililinda masanduku dhidi ya panya, theluji na upepo, na kitu pekee ambacho sikuyakinga nacho ni mimi.

Nilimwomba Garth asiseme. Aliniangalia. Mlango wa jikoni ulikuwa umeshafunguka na Mama Mkwe alikuwa amesimama hapo na kikombe chake, anashangaa joto.

Jumatatu, 5 Januari

Hakupiga kelele. Heri angepiga! Aliinamia sanduku, akanusa, akafunga kifuniko polepole kama anamfunika mtoto. Akaenda kulala mchana. Olesia hajanisemesha tangu jana, na anaponipita korido anageuka ubavu ili tusigusane. Nimelia bafuni, na bomba nimelifungua. Kesho ni Mlo Mtakatifu, sahani kumi na mbili mezani, na mahali pa pirogi patakuwa na sahani tupu kwa sababu yangu. Nimependekeza za dukani. Olesia aliweka kisu chini kwa uangalifu mkubwa.

Leo baada ya saa tisa Mama Mkwe katoka chumbani kavaa aproni. Kavuta kiti chake hadi kichwani mwa meza na kukalia mikono yake, kwa kweli kuikalia, akaniangalia.

“Mkwe wangu, kanawe mikono,” alisema. “Yangu imechoka, lakini yako mbona haijafanya kitu cha maana tangu mwaka uanze?”

Nimekanda. Nimesukuma. Nimekunja. Ya kwanza ilipasuka, ya pili ilifanana na sikio. Mama Mkwe alizirudisha zote mbili. Alinifundisha kubana kingo kwa kidole gumba, akisema nibane kama nambana mdomo mtu mmoja anayemjua, mwenye maneno mengi kuliko kazi. Olesia alicheka. Kicheko cha kwanza tangu jana! Garth alikuja kuuliza hali, akafungwa aproni naye. Mtu wa asili ya Aisilandi, hajawahi kushika unga wetu, na pirogi zake zimetoka sawasawa kama mashine. Sawasawa! Nimeshtuka kuliko nilivyoshtuka jana. Nimechanganya zangu na zake kwenye sinia ili isijulikane ipi ni ya nani.

Jumanne, 6 Januari

Nyota ya kwanza ilionekana, tukaketi. Pirogi zilikuwa chache, nene, nyingine zimefumuka kwenye supu. Mama Mkwe alikula tano. Alisema kabichi imezidi chumvi na unga ni mzito, na kwamba kosa hilo tutalirekebisha mwakani, kwa sababu mtu wa kukunja amepatikana na yeye kazi yake ni kuketi na kukosoa. Mwakani! Amesema mwakani! Olesia alinikanyaga mguu chini ya meza, kwa upendo, nadhani.

Nilijiapia pale pale, mbele ya mshumaa: sitagusa tena mlango wa mtu.

Jumatano, 7 Januari

Krismasi. Baada ya ibada padri kasimama na matangazo. Akina mama wamemaliza kupika kwa Malanka, sherehe ya mwaka mpya wa kalenda yetu ya zamani, chakula cha parokia nzima, kimewekwa kigande kwenye banda nyuma ya kanisa. Tatizo ni mlango wa banda. Mpira wa chini umekwisha, theluji inaingia, na kuna anayedai kaona panya. Padri anatafuta mtu wa kujitolea.

Kabla hajamaliza sentensi mkono wangu ulikuwa juu. Olesia aliuvuta chini kwa mikono yake yote miwili. Garth hakuwepo kuona, bahati mbaya. Padri alinishukuru mbele ya watu wote.

Nimepima kwa macho wakati wa kutoka. Mpira uliobaki unatosha kabisa, chini na ubavuni. Na hita ninayo.