Faida Iliyolala Zizini

Ezekia alifika kijiweni wa kwanza, sikio moja limezibwa na waya wa redio, jingine liko wazi kwa umbea. Pale kwa Tereza muuza kahawa, nyuma ya stesheni ya Mpanda, wanamwita Taarifa, na asubuhi hiyo hakungoja hata kikombe kijae.

"Ng'ombe wamepanda bei," alitangaza. "Redio imesema wanunuzi wa nje wamemwagika minadani. Dume la maana sasa hivi halishikiki."

Ladislas, fundi baiskeli, jina la kijiweni Spana, alikuwa amechuchumaa mbele ya baiskeli ya Machibya akitafuta panapovuja upepo. Alijibu kwamba habari hiyo haimhusu, maana yeye hata kuku wa kusingiziwa hana. Ila Machibya mwenyewe aliweka kikombe chini, akajifuta vidole kwenye koti lake lenye viraka vya rangi tatu, akatoa simu polepole, kama mtu anayefungua sanduku la sadaka.

Huyo ndiye Hazina. Mzee wa Kisukuma, alihamia Misunkumilo, hapa hapa Mpanda, na ng'ombe kumi na wawili, leo anao arobaini. Binti yake Lucia, mfanyakazi wa ofisi kule Dodoma, alimwekea kwenye simu programu ya kufuatilia hisa chache alizomnunulia. Unaandika ulinunua kwa shilingi ngapi, unaandika leo inauzwa ngapi, yenyewe inakupigia hesabu ya faida ambayo ungeipata kama ungeuza. Ukiwa na faida namba inakuwa ya kijani, ukiwa na hasara inakuwa nyekundu. Sasa Lucia alidhani baba ataangalia hisa. Baba aliingiza zizi zima, mmoja mmoja na picha yake, hadi yule jike mwenye baka jeupe usoni anayempenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Machibya aliandika bei mpya, milioni moja kwa kichwa, kisha akawageuzia kioo. Kijani kitupu.

"Faida milioni ishirini na ushee," alisema. "Na mimi nimekaa hapa nakunywa kahawa."

Taarifa aliomba kuona kwa karibu, akakwama kwenye ndama mmoja. Ndama kazaliwa nyumbani, hakununuliwa, na programu haikukubali kuachwa bila bei ya kununulia, kwa hiyo Machibya alikuwa ameandika shilingi moja. Faida ya ndama ikasoma asilimia karibu milioni mia moja. Taarifa alisema hata wachimba dhahabu hawajawahi kuona kitu hicho, na kwamba huyo ndama inafaa aitwe mheshimiwa.

"Hazina," Spana aliuliza bila kugeuka, "tangu umekuja Katavi umeshauza wangapi?"

"Niuze? Nikiuza si faida itaisha?"

"Kwa hiyo hiyo milioni ishirini iko wapi?"

"Imelala zizini."

"Basi iamshe ikununulie tairi, maana hili limebaki nyuzi tupu."

Tereza alicheka hadi birika likatikisika. Machibya hakujali. Moyoni alikuwa na jambo lake, na kijiwe kizima kilikuwa kinalijua. Jumamosi alikuwa anapeleka mahari Katumba, mwanawe Nathanael amuoe Annonciata. Washenga walikuwa wamekubaliana mahari ya thamani ya milioni sita, ilipwe kwa ng'ombe, kwa bei ya siku. Hilo la bei ya siku alilipigania Machibya mwenyewe mpaka sauti ikamkauka, kwa kuwa alijua bei inapanda. Na leo imefika milioni moja: ng'ombe sita, basi. Sita wa kawaida, yule wa baka abaki nyumbani, na usizidi hata ukwato mmoja.

Kumbe wakati anageuza kioo huku na huku, Aristide alikuwa ameshasimama nyuma yake. Aristide ndiye baba wa Annonciata. Alikuwa karani wa chama cha tumbaku kule Katumba kwa miaka mingi, wanamwita Karani mpaka leo, na kalamu haijawahi kutoka kwenye mfuko wa shati lake. Siku za Jumatano huja mjini. Na ilikuwa Jumatano.

"Milioni ishirini za faida tu," Karani alisema taratibu, akivuta kigoda. "Hongera sana, mkwe mwenzangu. Siku ile kwa washenga ulilia kwamba huna kitu, mimi na mama Annonciata tukakuonea huruma. Wazee wa kwetu wakisikia namba hii, sijui nitawaambia nini."

Machibya akaona kabisa milioni sita zikigeuka kumi kabla ya Jumamosi. Akainamia simu akijifanya anafuta vumbi, na kwa kidole gumba akafuta ile milioni moja, akaandika laki tatu. Zizi lote, isipokuwa yule ndama wa shilingi moja, likawa jekundu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akafurahi kuona hasara.

"Samahanini jamani," alisema, sauti imejaa msiba. "Mtandao ulikuwa haujasoma vizuri. Kumbe tumeanguka. Ng'ombe sasa hivi ni laki tatu. Nimekwisha, ndugu zangu."

Taarifa alitaka kupinga kwamba redio haikusema hivyo, Spana akamkanyaga mguu ili filamu iendelee.

Karani aliitazama ile nyekundu kwa masikitiko. Akatoa pole, tena pole ya dhati, akachomoa kalamu, akaomba karatasi ya kashata kwa Tereza.

"Mahari ni milioni sita, kwa bei ya siku, kama ulivyotaka mwenyewe," alisema huku akiandika. "Na bei ya siku ni laki tatu. Basi ni ng'ombe ishirini, mkwe mwenzangu. Jumamosi uje na vijana wengi wa kuswaga."

Kijiwe kililipuka. Spana aliangusha gundi. Machibya alikataa kwa Kisukuma, "yaya, yaya," mara nne, kidole kikikimbia kwenye kioo kama kinaungua, na bei ikarudi milioni moja kwa kasi ambayo hakuna soko la hisa limewahi kuiona. Akaeleza kwamba mtandao umerudi.

"Nyie wanaume," Tereza alisema akimimina, "muandikeni na Nathanael humo, tuone na yeye ni wa rangi gani."

Karani alikuwa bado anaiangalia simu, na safari hii macho yalikuwa ya kutamani. Akasema hiyo programu ni nzuri, akampa Taarifa simu yake amuwekee. Baada ya Jumamosi na yeye atakuwa mtu wa ng'ombe sita. Machibya akashusha pumzi. Akamsaidia kwa furaha, akaeleza kila kitu, kijani na nyekundu, mpaka wakafika kwenye bei ya kununulia.

"Hapo andika shilingi moja, kama ndama wangu," Machibya alishauri. "Wewe hujanunua, umepewa."

"Nimepewa?" Karani aligeuza ile karatasi ya kashata upande wa pili. Akaandika ada ya bweni ya Annonciata, miaka minne. Akaandika magodoro mawili, maana la kwanza liliibwa. Akaandika chuo cha ualimu, nauli, sare, ile malaria iliyomlaza wiki tatu, na mahindi ya miaka ishirini na mitatu, nayo aliyapunguza kwa heshima ya mkwe mwenzake. Akajumlisha mara mbili, kikarani. Milioni kumi na moja. Taarifa akaingiza milioni kumi na moja za kununulia, akaingiza milioni sita za leo, akabonyeza.

Nyekundu. Hasara milioni tano.

Hakuna aliyecheka. Wote waligeuza shingo kumtazama Hazina, ambaye alikuwa ameshashika usukani wa baiskeli yake, tairi la nyuma likiwa bado mkononi mwa Spana.

"Hiyo ni hasara ya kwenye simu tu, mkwe mwenzangu," Machibya alisema. "Haijakugusa bado."

"Najua. Itanigusa Jumamosi." Karani alirudisha kalamu mfukoni. "Lakini mimi sina roho mbaya. Tulikubaliana, sita watabaki sita. Ila kwa hasara hii niliyonayo, mmoja wao awe yule wa baka jeupe. Nimemuona humo kwenye simu yako, mzuri kweli."

Machibya alitazama kioo. Baka alikuwa pale katikati, kijani kibichi. Akaketi tena kwenye benchi na kumsogezea Taarifa ile simu.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "hiki kitu kinafutwaje?"