Mjukuu Wangu na Vyuo Viwili vya Vesterlund

Alhamisi, 12 Februari
Nimestaafu uchungaji, sijastaafu kupanga. Mjukuu wetu Britta atachagua chuo kabla ya Pasaka. Viwili vimepakana na mji wetu huu mdogo wa Vesterlund: Bethania cha Kilutheri, nilikosoma Maandiko, na Harlow, ng'ambo ya mto, ambako kanisa limegeuzwa ukumbi wa maigizo. Vyote vidogo, vyote vya binafsi, vyote hufundisha falsafa, nyota na ushairi kwa mkupuo. Akienda Bethania atalala chumba chetu cha juu na kula nasi kila jioni. Nyumba hii imekuwa kimya mno. Hayo sikumwambia. Nilisema tu nitampeleka akalinganishe kwa haki. Kwa haki! Mke wangu Ardis alinitazama, akaendelea kumenya viazi.

Jumamosi, 14 Februari
Nilichagua siku hii kwa hekima: Harlow wako likizo fupi. Nilitaka aone mahame. Theluji magotini, milango imefungwa, kahawa hakuna. Nikasikitika kwa sauti. Ndipo mwalimu wa elimu ya wadudu, Bi Pruitt, akatufungulia maabara. Hakuwa na wanafunzi, basi alikuwa na wakati. Alimkalisha Britta mbele ya hadubini hadi chakula cha mchana kikatupita. Binti akatoka anang'aa. "Babu, kuna mbawakawa wa dhahabu!" Ole wangu.

Jumapili, 15 Februari
Baada ya ibada, tukinywa kahawa katika ukumbi wa chini ya kanisa, Mzee Merle, ambaye mjukuu wake yuko Harlow, aliniuliza mbele ya watu: "Mchungaji, nasikia unatupigia kampeni sisi wa Harlow. Tukulipe, au tukuombee?" Walicheka hadi vikombe vikamwagika. Nilijibu kwa upole usiokuwamo moyoni. Kisha nikampigia simu kila anayenikumbuka kule Bethania.

Jumanne, 17 Februari
Walikuja wote kutulaki Bethania! Mpishi, mchungaji wa chuo, mpiga kinanda, kila mmoja akimwita Britta kwa jina. Bibi wa maktaba alimbusu na kumwuliza habari za meno yake ya utotoni. Kwaya ikamwimbia wimbo wa ubatizo wake. Njiani kurudi akasema: "Babu, pale nikipiga chafya utaambiwa kabla sijafuta kamasi." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumatano ya Majivu, 18 Februari
Amechagua Harlow. Atakaa bwenini. Aliniambia mlangoni pa kanisa, sote wawili tukiwa na majivu usoni. Kumbe tangu Krismasi alikuwa ameamua kwenda Bethania, kwa ajili ya chumba cha juu na mikate ya bibi yake. Alikusudia kunishangaza siku ya Pasaka. "Ungetulia tu, Babu." Ardis aliniambia, bila ukali: "Mume wangu, hata Mungu alipumzika siku ya saba." Nimetubu kwa machozi.

Ijumaa, 20 Februari
Nimefunga na kuomba. Nimeapa mbele za Bwana kutoingilia tena maisha ya mtoto huyu. Asubuhi nilizungumza na Harlow kwa simu. Wamefurahi kumpata mchungaji mstaafu wa kujitolea, atakayewasikiliza wanafunzi wenye upweke. Ni huduma tu. Ardis hajui, Britta hana haja ya kujua. Sikudai chochote, ila jambo moja dogo: chumba cha ofisi kinachotazamana na maabara ya wadudu.