Miko Kumi na Miwili na Mzee Ndani ya Ghala

Wazee wenzangu wa benchi la kituo cha majani chai, leo nimevuliwa nguo nikiwa nimevaa makoti matatu.

Nawaandikia mapema kwa sababu wake zenu walikuwepo. Arap Koech, wa kwako alicheka mpaka akakaa chini. Afadhali mlisikie jambo hili kwangu kabla halijaongezwa chumvi. (Chumvi iliyopo inatosha.)

Ilianza jana jioni. Nilikuwa natafuta miwani yangu ndani ya kitabu cha nyimbo cha mke wangu, ikaanguka karatasi. Mnajua kile kikundi chake cha Alhamisi, wale akina mama wanaokaa kwenye nyasi nyuma ya kanisa wakiongea mambo ya moyo. Hakuna daktari wala mwalimu, ni wao kwa wao. Wanatumia Kiswahili kwa sababu kuna Mama Njoki, yule anayeuza mboga sokoni Chepseon, na Kipsigis chake kinaishia kwenye salamu ya "chamgei". Karatasi ilikuwa ya Mama Cherono, mwenyekiti wao. Iliandikwa hivi:

"Kesho saa nane kwa Mama Chelangat. Tutapigia mzee wake mpaka ashibe. Kila mama aje na mwiko wake."

Nikasoma mara tatu. Mzee wake ni mimi.

Nikajisemea, hata sarufi imemshinda, lakini maana iko wazi. Watanipiga. Kwa miko. Mpaka nishibe!

Mtauliza kwa nini niliamini. Wazee, niliamini kwa sababu nilijiuliza kama nastahili, na jibu lilikuja haraka. Tangu tumzike Chelangat wetu, akiwa kidato cha pili, huu ni mwaka wa pili. Mama yake alinyamaza. Aliacha kuimba akikamua. Kuna asubuhi alikaa jikoni mpaka saa nne na moto hajawasha. Na mimi, mtu niliyesoma mpaka kidato cha nne, nilimwambia nini? "Kaza roho, mama. Mahindi hayajipalilii." Kisha nikaja hapo kwenye benchi nikawaambia kwamba amekuwa mvivu. Mnakumbuka. Mimi nakumbuka zaidi.

Kwa hiyo leo asubuhi niliamka kama mtu aliyeitwa na chifu. Mke wangu alikuwa anafagia uwanja, tena kwa bidii. Kuku mmoja alikuwa ameshachinjwa.

"Baba Chelangat," akaniambia, "leo usiende kituoni. Wageni wangu wanataka wakukute."

"Wanikute vipi?"

"Ukiwa na njaa. Mchana usile kitu."

(Hawataki hata niwe na nguvu za kukimbia!)

Saa saba na nusu alishuka mtoni kuchota maji. Nikaingia chumbani. Nikavaa koti la kanisani, juu yake koti la baridi, juu yake lile koti la mvua la kuchumia majani. Kichwani kofia ya sufu, na juu ya kofia nikafunika sufuria ndogo ya maziwa. Nikajitazama kwenye kioo. Sitawaambia nilichokiona.

Kukimbilia kwa jirani niliona aibu. Nikapanda ndani ya ghala la mahindi lililoinuliwa juu ya nguzo, nikavuta mlango, nikakaa juu ya magunzi. Ghala lile mnalijua. Mlango wake umefungwa kwa kamba tangu mvua za mwaka juzi, na nilikuwa naahidi kuutengeneza.

Saa nane wakaja. Kupitia kwenye fito niliwaona wakishuka kwenye mistari ya majani chai, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na mwiko mkononi. Miko kumi na miwili. Mwiko wa Mama Cherono ni ule wa harusi, mrefu kama jembe.

Nilisali. Nilisali na zile sala za zamani.

Wakakaa wapi? Penye kivuli. Kivuli kiko wapi? Chini ya ghala langu.

"Kwanza tuongee, moto baadaye," akasema Mama Cherono. "Sheria ni ile ile. Ya hapa yanabaki hapa. Na hakuna kumwambia mwenzako akaze roho."

Maneno yale yalinipata sawasawa, na mwiko ulikuwa bado haujainuliwa. Waliyoyasema wengine siwaandikii. Nimeapishwa mbele ya kuku, na nitanyamaza mpaka kaburini. Ya mke wangu ameniruhusu mwenyewe.

Ilipofika zamu yake akasema, "Mimi leo nataka kuongea juu ya mzee wangu."

Nikashika sufuria kwa mikono miwili.

"Hataji jina la mtoto," akasema. "Miaka miwili, hataji. Nilidhani amemsahau, na nikamchukia. Juzi nikageuza godoro nikakuta sweta ya shule ya Chelangat upande wake wa kitanda. Ameikunja vizuri, kama vile itavaliwa Jumatatu. Nikajua kumbe tuko wawili."

Nilisikia ng'ombe akitafuna.

"Tangu mazishi hali chakula vizuri," akaendelea. "Ndiyo nikawaomba tumpikie pamoja, ale mpaka ashibe. Mkimwona, msimwambie akaze roho. Muacheni tu ale."

Wazee, hapo ndipo nilipoelewa ile karatasi. Kupika! Mama Cherono huandika kama anavyotamka, na mnajua sisi Kipsigis tunavyochanganya g na k, p na b. Ni mimi niliyewachosha hapo kwenye benchi miaka yote, "Ni kupika, si kupiga! Ni pombe, si bombe!" Na siku ambayo usahihishaji ulihitajika, nilikuwa na sufuria kichwani.

Nilianza kulia. Nilitaka kulia kimya, lakini vumbi la mahindi halina heshima. Nikapiga chafya. Ya pili ikaja kubwa zaidi. Nikashika mlango nisianguke, na ile kamba ya mwaka juzi ikakumbuka ahadi yangu.

Nilitoka na mlango. Nilitoka na magunzi karibu nusu gunia. Sufuria ilianguka mbele, mimi nyuma yake, nikatua katikati ya kumi na wawili, kichwa karibu na miguu ya Mama Njoki.

"Ngai, Mungu wangu!" akasema Mama Njoki. "Mahindi imezaa mzee!"

Mama Cherono akasimama ghafla, mwiko juu. Na mimi, mbele ya wake zenu wote, nikapiga kelele, "Msinipige kichwani!"

"Nani akupige?"

Nikatoa karatasi kwenye koti la ndani kabisa (ilichukua muda kulifikia). "Imeandikwa hapa. Tutapigia mzee wake mpaka ashibe."

Mama Cherono akaichukua, akaisoma, akanitazama kama mtoto mgumu wa kufundishwa. "Si ndiyo hiyo? Tutabigia! Chakula!"

"Mama, hiyo ni kupiga."

"Mzee, wewe umelala kwa mahindi na makoti matatu, na unanifundisha mimi?"

Ndipo nikasikia kitu. Mwanzoni nilidhani mtu anakohoa. Ni mke wangu. Alikuwa ameshika nguzo ya ghala, kitambaa kimeteleza kichwani, machozi yanamtoka, na anacheka. Alijaribu kuacha, akaiona sufuria, akaanza tena. Sijasikia kicheko kile tangu sweta ile ilipokuwa na mwenyewe. Nikabaki chini palepale. Ningeweza kubaki mpaka kesho.

Alipopata pumzi aliuliza, "Umesikia yote?"

"Nimesikia. Mama Chelangat, nilikosea kukwambia ukaze roho. Ya kwangu ilikuwa imelegea zaidi, na niliificha kwako." Kisha nikalitaja jina la mtoto wetu. Lilitoka vibaya, kama mlango wa ghala, lakini lilitoka. "Chelangat alipenda kuku," nikasema.

"Alipenda firigisi," akanirekebisha. "Na ulikuwa unamnyang'anya."

Ni kweli. Nilikuwa namnyang'anya.

Wakapika. Kuku, sukuma wiki, ugali ambao miko mitatu iliupokezana, na mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu. Nilikula sahani ya kwanza, nikaletewa ya pili. Kwenye ya tatu niliomba msamaha, Mama Cherono akainua mwiko, nikala. Firigisi nilimpa mke wangu.

Sasa anakamua. Namsikia kutoka hapa ninapoandika. Haimbi bado, lakini kila baada ya muda kidogo ndoo inanyamaza, najua ameikumbuka ile sufuria, kisha nasikia anacheka peke yake na ng'ombe anashangaa.

Jumamosi nitakuja kwenye benchi. Yeyote kati yenu mwenye sweta chini ya godoro, nitamsikiliza, na sitamsahihisha Kiswahili.

Na anayetaka kunicheka apange foleni. Mke wangu ndiye wa kwanza, na bado hajamaliza.