Gunia Moja la Samadi ya Jongoo

Jumanne, 24 Juni

Mvua siku ya tatu. Majongoo kila mahali! Kwenye ngazi, ndani ya viatu, mmoja kwenye kikapu cha wali wa kunata. Dada Lamduan alipiga ukelele.

Baada ya chakula, kikao cha familia. Ajenda ni mimi, kama kawaida. Mama ana miaka themanini na mmoja na hajaniona nimevaa joho la njano. Kila mwanamume kijijini ameshakuwa mtawa wa Kibudha walau msimu mmoja wa mvua. Hata Uan, jirani yetu, ambaye alisinzia miezi yote mitatu. Mimi nakwepa tangu nina miaka ishirini, na sasa nina hamsini na miwili. Kwanza nilikuwa na mgongo mbovu. Kisha nilikuwa na bwawa la vyura. Mama akauliza ataingiaje peponi bila pindo la joho la mwanawe la kushika.

Nikasema haiwezekani, nina mradi. Dada akauliza mradi gani. Hapo sikuwa nao. Ukutani jongoo alikuwa anapanda. Nikasema: samadi! Jongoo anakula majani makavu huku mbele, anatoa punje za mboji huku nyuma. Miche ya pilipili ya dada itashangaza soko zima.

Dada akanitazama sana. "Haya, Phan. Gunia moja la mchele, lijae mpaka mdomoni, kabla watawa hawajaingia hekaluni kwa msimu. Likijaa, sikusumbui tena maisha. Lisipojaa, unanyolewa."

Unanyolewa hata nyusi! Na watawa hawali kitu baada ya saa sita mchana. Mimi saa sita ndiyo kwanza napata hamu. Nimekubali. Siku kumi na tano zinanitosha na kubaki.

Alhamisi, 26 Juni

Majongoo mia mbili na arobaini, masanduku sita. Wanatafuna mpaka unawasikia. Leo nimechota nusu ndoo ya punje, nyeusi, duara, kama pilipili manga. Nikichota hivi kila siku, gunia litajaa kabla ya wakati. Nimelala mchana bila wasiwasi wowote.

Siri yangu ni usafi. Kila punje naiokota, alfajiri na jioni, kwa kijiko na brashi ya viatu. Uan naye kaanza kufuga, mwigaji mkubwa! Sanduku lake ni jaa tupu. Majongoo wanalala juu ya mavi ya juzi. Nilimweleza kiungwana kwamba hiyo ni aibu. Akajibu, "Kaka Phan, mimi mvivu tu, na wao hawajalalamika." Nilimhurumia.

Jumapili, 29 Juni

Gunia limefika nusu. Lakini leo punje ni bakuli moja tu. Majani hayajaguswa. Majongoo wachache wamejikunja duara na hawataki kujikunjua.

Nadhani ni uchafu. Nimeongeza usafi. Sasa naokota mara tatu kwa siku.

Jumatano, 2 Julai

Kikombe kimoja! Lazima mtu atumie akili. Nimekaa nyuma ya nyumba tangu asubuhi nafinyanga udongo mweusi kuwa punje ndogondogo. Kazi nzuri sana, hata jongoo mwenyewe angedanganyika. Nikajaza gunia mpaka robo tatu.

Dada alipopita akachota konzi moja, akaitia kwenye bakuli la maji. Ikawa tope. Akauliza kama majongoo wangu siku hizi wanakula mitungi. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Udongo wote umemwagwa, na gunia limerudi nusu.

Si kitu. Kupotea njia ndiyo kujua njia.

Ijumaa, 4 Julai

Jongoo mmoja amekufa. Yule mkubwa, wa sanduku la tatu. Niliumia, sitaficha. Majirani watatu walifika na poda, wakamnyunyizia mgongoni ili wasome namba za bahati nasibu. Mmoja aliona saba, mwingine akaona tisa. Uan alisema anaona jongoo aliyekufa njaa.

Eti njaa! Wana majani mpaka shingoni!

Nimempigia simu Mwalimu Rachanee wa chuo cha kilimo. Ameahidi kuja Jumapili. Akasema angependa kumpasua mmoja aone tumbo. Nikamwambia aliye hai sitoi, Mama hatanisamehe dhambi ya kuua siku chache kabla ya msimu mtakatifu. Nimemweka marehemu kwenye barafu, jirani na samaki wa dada. Dada bado hajui.

Jumapili, 6 Julai

Dada amejua.

Mwalimu alikuja na mkasi mdogo na kioo cha kukuzia. Binti wa miaka ishirini na tano, ananiita mjomba. Akampasua marehemu juu ya jani la mgomba, na sisi sote tukainama kutazama, Uan akiwa mbele kuliko mwenye jongoo.

Kumbe ndani ya jongoo hakuna mizunguko kama yetu! Utumbo ni bomba moja lililonyooka, toka mdomoni mpaka mwisho. Kipande cha mbele kifupi, na tezi za mate ubavuni. Kipande cha kati ndicho kirefu, hapo chakula kinameng'enywa. Kisha cha nyuma, kinachofinya maji na kutengeneza punje. Pale kati na nyuma vinapokutana, mirija miwili myembamba kama uzi, ya kutoa taka za mwilini. Na chakula hakipiti uchi. Kinafungwa ndani ya utando mwembamba, kama ndizi na wali wa kunata tunavyovifunga kwenye majani. Mama alisema kiumbe huyu ametengenezwa kwa adabu.

Bomba la marehemu lilikuwa tupu.

Mwalimu akauliza punje ziko wapi. Nikamwonyesha gunia kwa fahari. Akashika kichwa. "Mjomba, umewanyang'anya chakula!" Akaeleza kwamba jani likipita mara ya kwanza, jongoo hapati mengi. Vijidudu huendelea kulilainisha ndani ya punje, naye jongoo huirudia na kuila. Ukiokota zote, anabaki na majani magumu tu, na njaa. Mimi na brashi yangu ya viatu!  Uan alitabasamu tu, jambo ambalo ni baya kuliko maneno.

Mwalimu anasema dawa ni moja, kuzirudisha.

Nilikaa na gunia mapajani muda mrefu. Nusu gunia! Nyusi zangu! Lakini niliwaona walivyojikunja, moyo ukanichoma. Kisha nikapata hesabu iliyonipa nguvu. Punje ikiingia mara mbili, si itatoka mara mbili? Nikazimwaga zote!

Jumatano, 9 Julai

Wamefufuka! Wote wamejikunjua, wanatembea, wanatafuna. Nilifurahi kama mtoto. Gunia lina vikombe viwili. Inaonekana punje ikiingia mara mbili inatoka mara moja tu, tena imepungua. Mwalimu angenieleza mapema.

Jioni Uan alikuja na mkokoteni. Punje za sanduku lake la uvivu, anasema zimezidi, majongoo wake hawazimalizi. Zilitosha kujaza gunia langu mpaka mdomoni. Akasema, "Chukua, kaka, jirani ni jirani. Dada hatajua."

Nikayatazama yale mavi ya mvivu. Mimi, Khamphan, niokolewe na sanduku la Uan? Aje anitangaze sokoni mpaka nife? Nikamwambia asante, bora ninyolewe!

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Joho alilinunua miaka thelathini iliyopita. Tangu wakati huo liko sandukuni na kafuri.

Alhamisi, 10 Julai

Nimenyolewa. Mama alikata shungi la kwanza. Nilipotoka na joho alishika pindo, akalia, akasema sasa anaweza kufa hata kesho. Nikamwomba asife kesho. Nililia pia. Sina hata nyusi za kuzuia machozi.

Jumatano, 16 Julai

Hekaluni. Njaa kuanzia saa saba. Lakini Mama huja na chakula kila asubuhi, ananiinamia mimi mwanawe, na uso wake umepungua miaka kumi.

Mtawa mkuu amenipa ufagio. Kasema nifagie njia tu, chini ya ule mti mkubwa niache kama palivyo. Nikaenda kuona pana nini. Majongoo! Wanene, mamia, na punje zimejaa tele, hakuna anayeziokota! Hadi msimu uishe, magunia matatu. Dada atajuta!

Nimeazima brashi ya viatu kwa dereva wa hekalu. Tangu Jumapili naokota alfajiri na jioni. Pamekuwa safi kabisa, sijabakiza hata punje moja.

Leo majongoo wengi wamejikunja duara, kimya. Mahali patakatifu kweli. Hata wao wanatafakari.