Mchoro wa Kijapani Dukani kwa Bi Hind

5 Agosti, Jumatatu
Bahati imenijia! Ndani ya droo ya kabati la mtumba kutoka Japani, nililolinunua Malindi, nimekuta mchoro mrefu ulioviringishwa. Nimeukunjua shibiri moja tu. Mzee ameinama, amepandisha kanzu yake, na moshi umetanda nyuma. Nikafahamu papo hapo. Anajifukiza udi! Zawadi gani bora kwa Bi Hind, muuza udi, mama yake Bahiya? Posa yangu na ya Mazin zote ziko kwake, na jibu ni Ijumaa. Mazin amepeleka halua. Maskini.

6 Agosti, Jumanne
Bi Hind ameutundika wote ukutani dukani. Katika picha moja moshi umeng'oa paa la nyumba. Bi Hind akasema huo lazima ni udi wa Kambodia. Bahiya akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika. Machozi ya furaha, nadhani.

7 Agosti, Jumatano
Balaa! Msichana wa Kijapani anayesoma chuo kikuu cha Tunguu aliingia kununua ubani. Akaona mchoro, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaeleza, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, kwamba ni mashindano ya zamani ya kujamba. Si kushuta kimyakimya. Kujamba! Mazin alikuwepo, bila shaka. Akaenda kutangaza kila baraza. Nimejifungia ndani. Bahiya ndiyo basi tena.

8 Agosti, Alhamisi
Ajabu. Duka la Bi Hind limejaa! Mji mzima unataka kuona, na kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana amefuata ushuzi, kila mmoja anatoka na udi. Mzee Khatib wa msikitini kwetu alikuja kuukemea mchoro. Ameukemea mara tatu, kila mara na rafiki mpya.

9 Agosti, Ijumaa
Baada ya sala Bi Hind akaniita. Nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama, akautazama ukuta.
"Mwanangu Darwesh, hawa ndo wanaohitaji udi khasa."
Akacheka mpaka akashika mbavu. Nimekubaliwa! Kumbe Bahiya alishamwambia mama yake tangu Jumanne kuwa anamtaka huyu anayemchekesha. Mazin ameambiwa aje achukue sahani yake ya halua.

10 Agosti, Jumamosi
Kabati lina droo ya pili. Mchoro mwingine! Nimeukunjua shibiri moja, yatosha, sasa mimi ni mtaalamu. Bwana na bibi wamekaa mkekani, wanatazamana kwa mapenzi. Bibi amelegeza mkanda, bila shaka kwa joto. Ni ndoa hiyo, mtoto mdogo angejua. Nimeufunga utepe na kumpelekea shehe atakayetuozesha. Amefurahi sana. Amesema ataukunjua wote mbele ya wazee.