Kilichogonga Mbele ya Pikipiki Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Pikipiki inagonga. Mbele. Nikishika breki: ko! Nikipita tuta: ko! Nikisimama kumsalimia mtu, ko inamsalimia kwanza.

Wiki nyingine yoyote ningejifanya kiziwi. Wiki hii haiwezekani. Mama Keki, yule mwoka keki wa karibu na posta, anatafuta mtu wa kupelekea wateja keki zao. Kazi ya kudumu. Mimi sina kazi tangu duka la viatu lifungwe, miezi saba sasa, na mke wangu ameanza kuwaambia wageni kwamba mume wake "anapumzika". Jumamosi kuna mtihani. Mama Keki atapanda nyuma, keki mapajani, hadi kwa muuza magodoro, tukate kona, turudi. Keki ikirudi nzima, kazi ni yangu.

Mshindani ni mmoja: jirani yetu Helmeti. Tunamwita hivyo kwa sababu haivui, hata akienda kununua sabuni.

Jioni amepita shemeji, kaka wa mke wangu, fundi pikipiki. Hakuulizwa. Akasema nati ya shingo ya usukani imelegea, nimpelekee gereji, ni dakika kumi tu. Dakika kumi! Na pikipiki ya Helmeti inatengenezwa na nani? Na yeye huyohuyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemshukuru sana, na siendi.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza uchunguzi wa kitaalamu. Mtuhumiwa wa kwanza: madigadi ya mbele. Bati jembamba, limekaa kihalifu. Nimeifungua, nikaiweka sebuleni juu ya kochi, nikaingia barabarani.

Ko.

Tena mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Madigadi, nimegundua, ina kazi yake. Nimerudi na tope hadi ndani ya pua. Mke wangu akauliza kama mlio umepungua. Nikamwambia nina tope masikioni, siwezi kutoa jibu la uhakika kwa sasa. Akauliza pia kochi limekosa nini. Mtaalamu hajibu kila swali.

Jumatano, 5 Juni

Mtuhumiwa wa pili: shokapu. Nimesimama uani nikazikandamiza mara arobaini, juu, chini, juu, chini. Kilichogonga ni mgongo wangu.

Nikahitaji masikio ya ziada. Nikamwomba mke wangu ainame karibu na taa ya mbele huku mimi nasukuma pikipiki na kushika breki. Amekuja na mwiko mkononi, ameinama, amesikiliza kwa sekunde tatu hivi. Akasema sauti inatoka shingoni, palepale kaka yake aliposema. Nikamweleza kwa upole kwamba inaelekea ukoo wao mzima una tatizo la masikio.

Chakula cha mchana nimekula peke yangu. Kilikuwa kimepoa.

Helmeti amepita mara mbili mbele ya geti letu. Pikipiki yake haitoi mlio wowote, na anapita polepole makusudi ili tuusikie ukimya wake. Roho imeniuma, naandika ukweli.

Alhamisi, 6 Juni

Wazee walisema fuata nyuki ule asali. Nimekwenda gereji kumjulia hali shemeji. Akauliza nani anaumwa. Nikasema hakuna, ni undugu tu. Akaniangalia kama mtu anayehesabu vifaa vyake.

Bahati ilikuwa upande wangu. Alikuwa na pikipiki ya mteja yenye ugonjwa uleule. Mimi nikajifanya nasoma kalenda ukutani. Akashika breki ya mbele, akaisukuma mbele na nyuma, kidole kimoja amekigusisha shingoni. Akasema, bila kumtaja mtu, kwamba nati ikilegea, mchezo wake unausikia hapo, na mwenye akili hahitaji kufungua madigadi. Mke wangu anapeleka habari haraka kuliko redio.

Halafu akaweka kreti chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie, akachukua spana kubwa, akakaza nati. Basi! Hiyo ndiyo siri yote! Nilipoanza kuondoka alikuwa amebaki kuuzungusha usukani kushoto na kulia, taratibu, kichwa ameinamisha, kama anayeonja mchuzi. Akaniita, akasema nisubiri, hapo ndipo penye kazi yenyewe. Maringo ya mafundi nayajua. Nikaaga.

Spana nyingine kubwa imeondoka nami ndani ya koti. Sijaiba. Ni mali ya ukoo, na mimi nimeoa humo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekaza. Yeye alikaza kidogo, kwa hiyo mimi nimekaza sana, maana safari yangu ina keki. Nimekaza hadi mishipa ya shingo ikanisimama, nikapumzika, nikanywa maji, nikakaza tena.

Majaribio: kutoka mlangoni hadi getini, breki. Kimya. Kutoka getini hadi mlangoni, kwa kurudi kinyumenyume, breki. Kimya kabisa! Nimefurahi hadi nimetamani kulia.

Usukani umekuwa mzito kidogo. Ndivyo vitu imara vilivyo.

Nimemwambia mke wangu aanze kuwaambia watu kwamba mume wake ana kazi. Akasema atasubiri kesho. Baadaye nimemsikia kwenye simu akimwambia mama yake amwombee mkwe wake. Sauti yake haikuwa ya mzaha. Nimerudisha madigadi mahali pake bila kuambiwa.

Jumamosi, 8 Juni

Mama Keki alikuja hadi getini kwetu, barabara imenyooka, akapanda. Keki nyeupe, ghorofa mbili. Helmeti alikuwa amesimama kando akisubiri zamu yake. Nikaondoka. Hakuna ko. Tukapita tuta: hakuna ko. Nilisikia Mama Keki nyuma yangu akisema kwamba pikipiki hii imetulia. Sijawahi kuambiwa neno tamu hivyo na mtu mzima.

Tukafika kwa muuza magodoro. Barabara ilikata kushoto. Sisi hatukukata.

Nilivuta usukani kwa nguvu zangu zote. Ulinisikiliza, ukatafakari, ukakataa. Namshukuru Mungu kwamba mwenzetu huyu huyapanga magodoro yake nje. Tuliingia katikati, polepole, kwa heshima. Mama Keki alibaki ameketi vizuri kwenye godoro la watu wawili, mikono bado imeinuliwa, haina kitu. Keki yote ilikuwa mgongoni mwangu na nyuma ya shingo.

Mama Keki alishusha mikono. Kisha akasema, kwa adabu iliyonitisha, kwamba ni kweli, haigongi tena.

Nimesukuma pikipiki hadi nyumbani kwa mstari mnyoofu. Kuigeuza na kuiingiza getini nililazimika kuinyanyua mbele. Mke wangu alinitazama, akanivua shati, akaliloweka. Heri angenigombeza.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji amekuja na kreti yake. Amelegeza nati robo mzunguko, akauzungusha usukani kushoto na kulia, akasikiliza, akamaliza. Dakika nane. Akachukua na spana yake mezani bila kuuliza imefikaje. Nimeiendesha: haigongi, inakata kona, laini kama siagi. Imenikera sana.

Halafu habari! Helmeti naye ameanguka mtihani. Ndani ya lile dude lake hakumsikia Mama Keki akimwambia wageuze, akamfikisha nje kabisa ya mji, na krimu ikayeyuka njiani. Kwa hiyo Mama Keki ametuma ujumbe: kesho saa mbili asubuhi, mimi peke yangu, nafasi ya mwisho. Sharti lake ni moja. Pikipiki ibaki kama fundi alivyoiacha, nisiguse hata skrubu.

Mke wangu ameapa nitaguswa mimi kwanza. Amekusanya spana, koleo na bisibisi zote, amezifungia kabatini na kwenda kulala kidogo.

Nimekaa uani naitazama pikipiki. Ni nzima. Ila breki ya mbele, kwa mtu mwenye jicho, ingeweza kuwa bora kidogo. Kidogo tu.

Kisu cha jikoni kinaingia kwenye skrubu yake utadhani vilitengenezwa pamoja.